Siku Niliyojua Kwamba Namiliki Mgodi

Nilijua kwamba namiliki mgodi kupitia simu ya muuza chipsi.

Sitanii. Nilikuwa Kalangalala, hapa Geita mjini, nasubiri chipsi kavu. Muuzaji, Raphael, akaangalia simu, akaniangalia mimi, akarudi kwenye simu.

"Mama Limi, kumbe wewe tajiri unatuficha?"

Akanionyesha tangazo la pete za dhahabu. Ni mimi kabisa, Febronia, nimevaa aproni ya kijani, nacheka. Chini kuna maneno ya Kiingereza. Raphael amemaliza kidato cha sita, akanitafsiria:

"Dhahabu safi, haina zebaki. Inatoka kwenye mgodi wa mwanamke, Bi. Febronia wa Geita."

Chipsi nikaziacha hapo hapo.

Mimi nilikuwa kibarua tu. Miaka sita naosha dhahabu kwenye beseni, nachanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu. Kisha naichoma kwenye jiko la mkaa, na moshi wote wangu.

Mwenzangu Lusia alishaanza kutetemeka vidole, hata kikombe cha chai anashikiwa. Bosi wetu, Bartholomeo, alipoambiwa akasema, "Anywe maziwa."

Daktari bingwa huyo.

Hizo aproni tulizivaa siku moja tu, siku waliyokuja wageni wa ng'ambo wanaonunua dhahabu yake. Asubuhi tukagawiwa glovu, buti na miwani. Chupa za zebaki zikafichwa chooni. Mimi nikawekwa mbele kwa sababu nina meno mazuri.

"Ukiulizwa, wewe tabasamu," bosi akaniambia.

Wageni wakauliza kama tunafurahia kazi. Mkalimani alikuwa shemeji yake bosi, kwa hiyo jibu mnalijua. Wakapiga picha, wakala ndizi, wakaondoka na dhamiri zimeshiba.

Saa nane mchana tukavuliwa vyote, hadi buti.

Basi, baada ya kuiona ile picha nikaenda ofisi ya madini. Nilikuwa naogopa. Nilitaka wanifutie jina kabla sijakamatwa kwa uongo wa mtu mwingine.

Nilimkuta karani mmoja, dada Monika. Akachukua kitambulisho changu, akabofya kompyuta.

"Leseni ni yako, mama."

"Dada, hebu angalia tena."

"Ilihamishiwa kwako mwaka jana. Hii sahihi si yako?"

Ilikuwa yangu. Wiki moja kabla ya wageni, bosi alinisainisha karatasi, akasema ni za kupokea vifaa. Sikusoma hata mstari.

"Lakini kwa nini anipe mgodi wake?"

"Wanunuzi hao wanalipa zaidi mgodi ukiwa wa mwanamke," Monika akasema. "Na leseni wanaikagua. Kwa picha wangeweza kudanganywa, kwa leseni hapana. Ikabidi aandike kweli."

Nilicheka mpaka foleni nzima ikageuka.

Kesho yake nikaenda mgodini na Lusia, pamoja na mwenyekiti wa kijiji, mzee Dominiko. Bosi alikuwa kwenye kiti chake, anakunywa soda.

"Mama Limi, leo umechelewa."

"Shikamoo bosi. Nimekuja kukuomba uhame."

Akacheka. Mzee Dominiko akamsomea leseni taratibu, na kicheko kikakatika.

"Mayu, mama yangu, hilo ni jina tu," akaanza kubembeleza. "Tuliliweka kwa ajili ya wageni."

"Basi niachie jina langu na shimo lake."

Alitishia mahakama. Hakwenda. Angemwambia nini hakimu, kwamba aliwadanganya wazungu na sasa anaomba uongo wake urudishwe?

Sasa tunachimba wanawake kumi na wawili. Dhahabu tunaichomea kwenye chungu cha chuma kinachofungwa, mvuke wa zebaki hautuingii puani. Glovu hatuvuliwi. Vidole vya Lusia havijapona, ila hagusi tena beseni la zebaki.

Wale wanunuzi? Tuliwaandikia ukweli wote, tukawakaribisha waje ghafla, bila kuandaliwa ndizi. Wakajibu kwa adabu kubwa sana, wakatushukuru kwa uwazi.

Kisha wakaitoa picha yangu, wakaweka ya mama mwingine anayecheka.

Kwa hiyo ukiuziwa pete yenye cheti na picha ya mwanamke mwenye furaha, usimuulize muuzaji. Mtafute huyo mwanamke.

Na wewe dada yangu unayesainishwa leo, soma karatasi kwanza. Si kila mwizi atakuwa mjinga kama wangu.