Pacha Aliyebaki na Valizi

Naikumbuka, mwanangu, siku Papa aliporudi nyumbani na valizi mbili, masanduku ya safari yanayofanana, moja mkono huu, nyingine mkono ule, akitabasamu kama mtu aliyemaliza kazi kubwa. Ilikuwa miaka michache tu baada ya uhuru, na mji wetu wa Kalemie ulikuwa bado unaitwa Albertville. Valizi moja ilikuwa ya Kyungu, ndugu yangu pacha, aliyekuwa anakwenda chuo kikuu kule Elisabethville kusomea ualimu wa sekondari, ualimu wa Kijerumani. Ya pili ilikuwa yangu mimi, Kabange, niliyekuwa siendi popote.

Usicheke. Kwetu Waluba pacha hapewi kitu peke yake. Shati likinunuliwa, gauni nalo linanunuliwa. Mmoja akipewa samaki, mwenzake apewe wa ukubwa ule ule, la sivyo watu wanaogopa kwamba mmoja wao ataugua. Papa, mtu wa reli aliyependa kila kitu kiwe sawa, alitimiza desturi, akaninunulia valizi. Niweke nini ndani yake hakuniambia, na mimi sikuuliza.

Sasa nikuambie wivu wangu ulivyokuwa, maana vijana wa leo mnadhani sisi wazee tulizaliwa na busara zetu. Niliona wivu usiku na mchana. Masista walinifundisha mpaka darasa walipoishia wasichana, wakasema basi, inatosha. Kyungu akaendelea na sekondari ya bweni. Kila likizo alirudi na kitabu chake cha Kijerumani, akaniwekea mapajani ili nimsikilize anapokariri, huku mimi nachambua ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nilimsikiliza mpaka maneno yakaniingia. Akikosea namsahihisha, naye anacheka, anasema nina kichwa chepesi. Majirani walimuuliza hicho Kijerumani atamfundisha nani, na Wajerumani waliondoka Kigoma tangu enzi za babu. Wao walicheka, mimi sikucheka. Niliitaka ile lugha kuliko nilivyotaka mume.

Lakini sikumwambia mtu. Nilinuna, nikagonga masufuria, nikaosha mashati yake ovyo makusudi, na kila aliyeniuliza nina nini nilimjibu sina kitu.

Asubuhi ya safari Mama alileta pemba, ile chokaa nyeupe ya baraka, atupake wote wawili kwenye paji la uso. Nyumbani kwetu pacha hakusafiri kama mwenzake hajapakwa. Bila hiyo Mama asingemwachia Kyungu avuke kizingiti, na asipopanda treni ile nafasi yake chuoni ingepewa mwingine. Nilijua yote hayo. Nikageuza uso.

"Kabange, lete uso."

"Siku hii ni ya Kyungu. Mumupake yeye peke yake."

Mama akabaki amesimama na vidole vyake vyeupe. Kule stesheni treni ilikwisha kupiga honi. Papa akaanza kufoka. Kyungu aliweka valizi yake chini, akaikalia, machozi yanamlengalenga. Na mimi nilifurahi, mwanangu. Hatimaye tulikuwa sawa kweli, kila mtu na valizi yake na hakuna anayekwenda.

Mama alimnyamazisha Papa kwa mkono, akaniuliza polepole:

"Kyungu akibaki, njo weye utapanda ile treni?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi unataka nini? Sema. Niko mama yenu wote wawili, lakini siko mu roho yako."

Nikasema kwa kilio mpaka majirani wakasikia. "Miye nataka kusoma! Valizi bila masomo ni ya nini? Miye munaninunulia sanduku, yeye munamupa dunia!"

Nadhani mpaka dakika ile Papa aliamini kweli kwamba ametupa sawasawa.

"Sasa nimesikia," Mama akasema. "Lete uso."

Nikaleta. Kyungu akakimbilia stesheni na chokaa usoni, Papa nyuma yake, na treni wakaiwahi.

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Papa alininunia muda mrefu. Lakini Mama hakumwacha apumue, kila wakila anamuuliza huyu mwingine atasafiri lini, mpaka Papa akanipandisha meli kwenda shule ya ualimu ya masista, upande wa Moba. Nikawa mwalimu wa shule ya msingi. Kyungu akafundisha Kijerumani sekondari, nami nikamwonea wivu miaka yote hiyo. Hata sasa, nikimsikia anasalimiana na wanafunzi wake wa zamani kwa lugha ile, wivu unarudi. Naye anajua, kwa sababu namwambia.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiona mwenzako anakwenda ulikotamani kwenda, usijilazimishe kufurahi kwa uongo, wala usimzibie mlango. Mtafute anayekupenda umwambie waziwazi, "Na mimi nataka." Huenda ukakataliwa, ukalia. Ni afadhali kuliko kukaa kimya mpaka kitu pekee unachokitamani kiwe ni mwenzako naye akose. Mimi nilikaribia kufika hapo, na ndugu yangu alikuwa hajanikosea lolote.

Mungu akufungulie njia. Akupe na mdomo wa kusema haja yako, wakati wale wanaoweza kuisikia wangali hai.