Kipande Kilichoachwa Wazi

Kiwandani walimwita Blanketi, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuyavisha mabomba ya moto: sufi ya mawe isiyoshika moto kwanza, waya juu yake, halafu bati linalozungushwa na kupigwa misumari ya ribiti mpaka joto likose pa kutokea. Watani walimwuliza kama huwa anayaimbia pia ili yalale. Alicheka nao kwa moyo wote, maana mtu anayetaniwa ana watu.

Na watu hao aliwapata sehemu moja tu. Nyuma ya tanuru linalopashia vyuma moto kabla havijanyooshwa kuwa nondo, lilipita bomba kubwa la moshi, chini chini, likielekea kwenye dohani. Lilikuwa la moto kutwa nzima, bure kabisa, na wafanyakazi hawapendi kitu cha bure kipotee. Asubuhi waliweka juu yake mabakuli yao ya bati, na saa ya chakula kila mtu alikuta chake kinafuka mvuke. Walikaa hapo hapo wakala. Dereva wa kreni alihubiri mpira, mama mfagizi akawagombeza kwa kula kama wanaofukuzwa, na Blanketi akatia neno moja moja. Tangu mkewe afariki, hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee ya siku ambayo mtu alimtazama usoni.

Kisha wakubwa wakazinduka. Ule moshi, walisema, unaondoka na joto lililonunuliwa kwa mafuta, na kulirusha angani ni ujinga. Ukaletwa mtambo wa kulinasa: moshi upite humo, uipashe moto hewa inayokwenda kwenye vichomeo, tanuru liwake vilevile kwa mafuta machache. Wazo zuri, nani atabisha? Blanketi mwenyewe alilipenda. Ila moshi sharti ufike kwenye mtambo ukiwa bado na moto wake, kwa hiyo bomba livishwe lote. Na wa kulivisha alikuwa nani, kama si yeye?

Alilivisha vizuri, kwa sababu kuvisha vibaya hakujui. Lakini karibu na nguzo, upande ambao wakubwa hawapiti, aliacha kipande wazi, upana wa mabakuli machache yaliyobanana.

Wenzake walikuja siku mbili tatu. Halafu kantini ikawekewa oveni ya kupashia chakula. Dereva wa kreni akahama, mama mfagizi akafuata, kimya kimya, bila ubaya wowote. Blanketi angeweza kuwafuata, lakini hakuna aliyemwambia twende, naye si mtu wa kujipeleka. Akaendelea kuweka bakuli lake pale kila asubuhi, katikati kabisa, ili wakirudi wakute nafasi pande zote mbili.

Jioni bintiye, aliyeolewa mbali, alipiga simu.

"Baba, umekula mchana?"

"Nimekula, mwanangu."

"Na nani?"

"Na wenzangu."

Simu ikikatika, nyumba ilimzidi ukubwa.

Siku ya ukaguzi injinia alipita na kamera inayoonyesha joto kwa rangi, msimamizi akiwa nyuma yake. Injinia mwenyewe alikuwa msichana wa rika la bintiye.

"Shikamoo, mzee. Hebu tazama hapa."

Kwenye kioo bomba lote lilikuwa buluu. Karibu na nguzo kiliwaka kipande chekundu, na katikati ya wekundu palikuwa na doa la mviringo.

"Hapa hapajafungwa. Na hili doa ni nini?"

"Bakuli."

"La nani?"

"Langu."

"Moja tu?"

Hakuwa anakejeli, masikini, aliuliza tu. Blanketi angeweza kumwambia kwamba aliacha makusudi, ili watu wale pamoja. Lakini angelazimika kusema na lililobaki, kwamba hakuna pamoja tena, kwamba mtu mzima na mvi zake anasubiri watu wasiokuja.

"Nimesahau," alisema. "Uzee huu."

Msimamizi alishtuka. Huyu hakuwahi kusahau hata ribiti.

"Umeanza kusahau, mzee wangu? Tena karibu na moto?" Sauti yake ilijaa huruma ya kweli. "Hapana, tutakuja kukupoteza. Ziba hapo, na Jumatatu uanze stoo. Utakaa zako kwenye kidirisha, utoe glavu na buti, upumzike."

Stoo ina mtu mmoja, kwa sababu haihitaji wawili. Blanketi aliitikia kwa kichwa, akachukua sufi, waya na bati, akaziba kwa mkono wake mwenyewe. Injinia akaelekeza kamera tena. Buluu tupu.

"Safi sana, mzee. Hakuna kinachotoka."

Saa ya chakula alisimama mlangoni pa kantini, bakuli mkononi. Dereva wa kreni alikuwa wa kwanza kumwona.

"Blanketi! Leo umetukumbuka? Sisi tulijua unapenda kula peke yako, tukaona tusikusumbue!"

Mama mfagizi akasogea kwenye benchi, akapigapiga mbao kwa kiganja. "Kaa hapa, baba."

Aliitazama nafasi ile. Alitaka kuikalia kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu amzike mkewe. Akafungua mdomo, na mdomo ukasema uliyoyazoea.

"Asanteni, nimeshakula. Napita tu."

Wakamwamini. Mama mfagizi akarudi mahali pake, habari za mpira zikaendelea, naye akatoka akilibeba bakuli kwa mikono miwili, maana lilikuwa bado limejaa.