Ottilia na Simu ya Jukwaani

Watu wengi wa Mbinga waliijua sauti ya Ottilia Kinunda kabla ya kuijua sura yake. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa opereta wa swichibodi, ule ubao wa kuunganishia simu, katika chama cha ushirika cha kahawa. Makarani wa vituo vya kununulia, waliokuwa wakipiga simu kila msimu, walimfikiria kama mwanamke mnene, mrefu, wa makamo. Wakikutana naye sokoni wakamsikia akisema "Nipimie kilo mbili," waligeuka kumtazama. Alikuwa mwembamba, mfupi, na alivaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

Biashara ya kahawa ilipoachiwa huru, wanunuzi binafsi walikuja na malori yao hadi majumbani kwa wakulima. Chama kikabaki na maghala matupu. Mwaka 1995 wafanyakazi wakapunguzwa. Ottilia alikabidhiwa barua yake saa nne asubuhi, akaisoma, akaiweka chini ya kiti, akaendelea kuunganisha simu hadi saa kumi. Siku hiyo walipiga watu watatu tu. Kisha akafuta vumbi kwenye ubao, akaenda kwao Mpepai kupalilia kahawa ya kaka yake.

Mimi naitwa Jacqueline. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mbinga mjini, mgeni kutoka Tabora. Mwalimu mwenzangu, Praygod, yeye mtu wa Kilimanjaro, alikuwa ameandika mchezo wa kuigiza kuhusu vijana wanaoacha shule na mashamba kwenda kuchimba mawe ya vito Tunduru. Mimi niliigiza mama anayemngoja mwanawe. Katika sehemu ya mwisho ya mchezo simu inalia kwenye ofisi ya kijiji, mama anaipokea, na mwanawe anamwambia kwamba yuko hai na anarudi.

Simu yenyewe ndiyo iliyotusumbua. Praygod alikuwa akigonga kengele ya baiskeli nyuma ya pazia. Mara ya kwanza tulipoigiza kwenye ukumbi wa parokia, watazamaji wote waligeuza shingo kuangalia pazia, wakacheka. Nikaipokea simu, kengele ikaendelea kulia. Wakacheka zaidi.

Onyesho lilipokwisha, mwanamke mmoja mwenye miwani alimfuata Praygod.

"Mwalimu, simu hailii nyuma ya pazia. Inalia pale pale ilipo."

"Nitafanyaje, dada? Ile ni sanduku tupu."

"Mimi nitaifanya ilie."

Katika ghala la chama kulikuwa na simu mbili za zamani, zile nzito nyeusi zenye mpini wa kuzungusha ubavuni. Zilikuwa zimetupwa pamoja na mizani mibovu. Ottilia aliziomba, mlinzi akampa bila kuuliza. Akazifungua, akasafisha kutu, akabadilisha nyaya zilizoliwa na panya. Moja akaiweka mezani jukwaani. Waya akaushusha kwenye mguu wa meza, akaupitisha chini ya mkeka hadi nyuma ya pazia, na huko akaufunga kwenye simu ya pili. Alipozungusha mpini wa ile ya nyuma, ile ya mezani ililia. Nilikuwa nimekaa jirani nayo, nikaruka.

Praygod alicheka hadi akakaa chini. Ottilia hakucheka. Alitoboa kitundu kwenye pazia, usawa wa jicho lake.

"Wewe usiniangalie," aliniambia. "Pokea ukitaka. Mimi nitanyamaza mkono wako ukigusa tu."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakukosea hata mara moja. Alijua kengele inalia kwa muda gani, inapumzika kwa muda gani, na jinsi ya kuiacha ilie mara nyingi zaidi pale ambapo mama anaogopa kuipokea. Tena kwa kuwa aliweka betri, nilipoweka mkono wa simu sikioni nilimsikia yeye kweli, akisema kwa sauti ileile ya kazini: "Tunduru wako tayari. Ongea, mama." Watazamaji hawakuyasikia maneno hayo. Aliyasema kwa ajili yangu tu.

Tulipewa lori na idara ya elimu, tukapeleka mchezo vijijini. Tulianza Mpepai, kwao Ottilia, tukaenda Tingi, kisha tukateremka hadi Kihagara, upande wa ziwani. Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 1996. Tuliigiza alasiri kwenye baraza la shule, watu wamejaa uwanja mzima, wengine wamebeba makapu ya usipa, dagaa wa ziwa lile, waliotoka kuwaanika.

Kihagara hapakuwa na simu. Wazee wengi walikuwa hawajawahi kuisikia ikilia. Ilipolia katika sehemu ya mwisho ya mchezo, mwanamke mmoja mzee aliyekuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele alisimama. Alivaa kitenge kilichopauka na alikuwa peku. Alipanda ngazi ya baraza polepole, akaja hadi mezani, nami nimekwisha ipokea, akautoa mkono wa simu mkononi mwangu. Hakuninyang'anya. Aliuchukua kama mtu anayepokea chake.

"Haloo? Huko ni Tunduru?"

Sikusikia alichojibiwa.

"Mimi ni Rosa, mama yake Benno Kumburu. Ana miaka miwili huko kwenye mawe. Nitafutie, mwanangu. Mwambie mama yake anauliza."

Akasikiliza kidogo. Akatikisa kichwa kukubali.

"Ahsante, mwanangu. Nasubiri."

Alinirudishia simu, akateremka, akakaa mahali pake. Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo. Waliomjua hawakupiga. Tukamalizia namna tulivyoweza.

Nilimkuta Ottilia nyuma ya pazia amekaa chini, simu mapajani.

"Ulimwambia nini?" nilimuuliza.

"Nilimwambia, 'Subiri, mama, nakutafutia.'" Alivua miwani. "Jacqueline, haikuwa maigizo. Mtu akinipa jina kwenye simu, mdomo wangu unajibu hivyo wenyewe. Miaka kumi na miwili."

"Basi tumweleze sasa hivi."

Tulimtafuta, lakini alikwisha ondoka na wenzake, na dereva alikuwa anapiga honi. Praygod alisema tusilifanye jambo kubwa. Mama yule atajua tu kwamba ulikuwa mchezo. Ottilia alipanda lori.

Kesho yake alikwenda posta. Huko Tunduru kulikuwa na opereta aitwaye Wilfred, ambaye Ottilia alifanya naye kazi miaka yote ile kwenye waya, na walikuwa hawajawahi kuonana. Maopereta walikuwa wakiitana kwa majina ya vituo vyao. Nilikuwa nimemsindikiza, nikamsikia.

"Haloo, Tunduru."

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu tutoke ziwani. "Ndiyo, ni Mbinga. Nipo, kaka. Walitupunguza. Nina jina hapa, naomba unitafutie."

Wilfred alimwambia ampe wiki mbili. Siku ya kumi na tatu Ottilia alirudi posta peke yake. Alipokuja shuleni nilikuwa darasani nikisahihisha madaftari. Alisimama mlangoni.

"Shimo liliporomoka mwezi wa pili," alisema. "Walikuwa watatu ndani. Wenzao wakawazika palepale karibu na Mto Muhuwesi, kwa sababu hakuna aliyejua kwao ni wapi hasa. Walijua tu ni wa ziwani."

Mwezi wa pili. Tulipoigiza Kihagara, Benno alikuwa na miezi mitano kaburini.

Praygod alishauri tumwandikie barua padri wa huko, au mwenyekiti wa kijiji, ndio wanaojua kupeleka habari kama hizo. Lilikuwa shauri zuri. Ottilia alimsikiliza kwa heshima.

"Mwalimu, aliyemwambia asubiri si padri. Ni mimi."

Kisha akanigeukia. "Na wewe ndiye uliyerudishiwa simu. Twende wote."

Tulipanda lori la mizigo Jumamosi, tukalala njiani kwa masista, tukaingia Kihagara Jumapili baada ya ibada. Hatukuhitaji kuuliza nyumba. Watoto walipotuona walikimbia mbele wakipiga kelele, "Watu wa simu! Watu wa simu wamekuja!" Kumbe mama Rosa alikuwa amewaambia watu wote, na kila aliyepita aliulizwa kama hajaonana na watu wa simu.

Alitoka ndani mbio, akatushika mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Nilijua mtakuja. Kaeni, kaeni kwanza. Hamjala."

Ottilia alianza kusema, mama akamkataza. Akaagiza samaki waletwe kutoka kwa jirani. Akapika ugali wa muhogo, akatunawisha mwenyewe. Nilikula kile chakula kwa kukilazimisha. Ottilia alimega matonge mawili akashindwa. Mama Rosa alimtazama, akatazama ule mkono uliobaki na tonge, na nadhani alijua hapo hapo. Alikisogeza chungu pembeni.

"Sema."

Ottilia alimwambia yote kwa mpangilio, kama alivyoambiwa na Wilfred. Hakupunguza na hakuongeza.

Mama Rosa hakulia. Aliuliza, "Ile simu yenu ilikuwa simu kweli?"

"Ilikuwa ya maigizo, mama. Waya wake uliishia nyuma ya pazia."

"Na aliyesema nisubiri?"

"Nilikuwa mimi. Nilikuwa nyuma ya pazia."

"Nilikuwa nimeanza kuchoka," mama alisema. "Miaka miwili, nilikuwa naanza kumzika kidogo kidogo moyoni, kila siku kidogo. Wewe ukamfufua. Wiki tatu mwanangu alikuwa hai humu ndani. Nilimtandikia kitanda. Sasa umemleta tena amekufa."

Ottilia alipiga magoti sakafuni. Hakuomba msamaha kwa maneno, na mpaka leo sijui kama maneno yangesaidia. Mama Rosa aliinuka, akaingia chumbani, ndipo tukasikia kilio, na majirani wakaanza kuja.

Tulikaa msibani siku tatu. Ottilia aliteka maji, akapika, akaosha vyombo pamoja na wanawake wa pale. Mama Rosa hakumsemesha. Siku ya tatu tukiaga, alimwita kando.

"Waliomzika walimwombea?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo.

"Sijui, mama. Sikuuliza."

"Hukuuliza," alirudia mama, akageuka.

Tuliporudi Mbinga, Ottilia alizivunja zile simu mbili, vyuma akamwachia fundi baiskeli. Praygod hakumlaumu. Tuliigiza mara mbili zaidi bila kengele, mimi nikijifanya nimesikia, kisha Praygod akahamishiwa Singida na kikundi kikafa. Ottilia alirudi kwenye kahawa Mpepai. Alipata homa za mara kwa mara mwaka ule, akakonda. Aliniambia kwamba akisikia mtu anaita jina la mtu barabarani anajisikia kuitika.

Alikuwa amepiga tena Tunduru kuuliza lile swali la mama Rosa, na Wilfred alimpatia jibu: mchimbaji mmoja wa Tingi aliyekuwapo aliwasomea sala ya wafu kutoka kwenye kitabu chake, yote, hadi mwisho. Ottilia aliandika barua Kihagara. Halikuja jibu.

Mwezi wa sita uliofuata, mama Rosa alifika Mpepai kwa miguu kutoka kituo cha lori, amebeba furushi na jembe dogo. Alimkuta Ottilia shambani.

"Nimeipata barua yako," alisema. "Nakwenda kumwona. Mimi sijui njia, na wewe ndiye unayejulikana huko."

Walisafiri siku nne kwa mabasi na malori, kupitia Songea. Habari hizi ninazo kwa Ottilia mwenyewe. Alisema njiani mama aliongea juu ya Benno tu: alivyokuwa akiogopa kuogelea, alivyokuwa hapendi muhogo mbichi. Alisema walilala wakitumia kanga moja. Huko Tunduru, mzee mmoja mwenye kilema cha mguu aliwafuata stendi na kuuliza, "Nani kati yenu ni Mbinga?" Ottilia alifungua mdomo kumjibu akalia badala yake, na Wilfred akasimama pale akimshikia mzigo, hajui la kufanya.

Aliwapeleka hadi Muhuwesi. Mashimo mengi yalikuwa yameachwa, maji ya mvua yamejaa ndani. Juu kidogo ya mto, chini ya miti, palikuwa na matuta matatu ya udongo, majani yameyafunika. Hapakuwa na msalaba wala jina. Yule mchimbaji wa Tingi alikuwa amekwisha ondoka, na wachimbaji waliobaki walikuwa wageni.

"Lipi ni lake?" mama aliuliza.

Wilfred alisema hajui. Aliuliza kambi nzima, hakuna anayejua.

Mama Rosa aliyazunguka yote matatu, akainama kwenye kila moja kama anayesikiliza. Kisha akafungua furushi, akatoa jembe, akaanza kupalilia lile la kwanza. Ottilia alitaka kumsaidia, mama akamwelekeza kwa kidole lile la mwisho, naye akaanza kung'oa majani kwa mikono. Wakafanya kazi kutoka pande mbili, Wilfred akikusanya majani. Kwenye la katikati walikutana, wakalipalilia pamoja.