Mwanamke wa Bango la Sabuni

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka natamani kujipiga kofi, na leo nakusimulia kwa sababu nimechoka. Nimechoka kuwaona vijana mnaingia kwenye mambo ya watu mikono mbele, akili nyuma. Mnaniletea kitu cha zamani, hamjakaa hata dakika, mnasema, "Bibi, tukifanye kipya." Nani amewaambia kinataka kuwa kipya? Kaa hapo unisikilize mpaka mwisho, na hiyo simu ilaze kifudifudi.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mchora mabango pale Kwa Mathias, Kibaha, mwanamke peke yangu kati ya wachoraji wote wa barabara ile. Kazi alinifundisha marehemu baba, na niliijua, hilo sikufichi. Ubaya ni kwamba nilijua kuwa najua. Kinyozi akifungua banda, mama lishe akihamia kibanda kipya, wote walikuja kwangu, kwa Felista. Sifa zikanivimbisha kama andazi.

Basi akaja dada mmoja kutoka Kisarawe, jina lake Zena, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Akaniambia kuna duka la zamani kule kwao linabomolewa, mwenye kiwanja anataka kujenga ghorofa. Juu ya mlango wa duka hilo kulikuwa na bango la mbao ambalo baba yake, Mzee Kondo, alilichora ujanani. Lilikuwa tangazo la sabuni iliyoitwa Povu Tele, lenye mwanamke anayeanika kanzu nyeupe kwenye kamba. Mzee mikono ilikuwa inamtetemeka, ngazi hawezi tena.

"Nishushie tu, mdogo wangu," alisema. "Lifute vumbi, uniletee nyumbani. Basi."

Yashike maneno hayo, mwanangu. Lifute vumbi, basi. Mimi niliyasikia kwa sikio moja.

Tulikubaliana na msimamizi wa ubomoaji kwamba watatungoja mpaka saa tatu. Tumefika saa mbili, tingatinga limeshaanza! Ukuta wa nyuma uko chini, vumbi limejaa mpaka kwenye kope. Nikamkimbilia dereva nikipunga mikono. Akazima mashine, akanitazama kama mtu niliyemwomba figo.

"Sista, si kuni tu hizo?"

Kuni! Nilipanda ngazi huku nimekunja uso, nikaanza kung'oa misumari iliyoota kutu, na msimamizi kule chini anapiga kelele kwamba namcheleweshea kazi. Zena akaenda kusimama katikati ya mlango wa duka, mikono kiunoni. "Bomoeni," aliwaambia, "lakini mtanifukia na mimi." Wakatuacha. Mbao zilikuwa tano. Nne nilizishusha salama. Ya tano, iliyoandikwa "Nguo nyeupe bila jasho", ilikuwa imeliwa na mchwa, ikanivunjikia mikononi. Jasho tukabaki nalo sisi.

Nikazipeleka mbao Kibaha kwenye kibanda changu, nikaziunga upya, nikafuta vumbi na moshi wa miaka mingi. Kazi niliyotumwa ilikuwa imekwisha. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini nilirudi nyuma hatua tatu, nikaliangalia lile bango kwa jicho la fundi aliyesifiwa kupita kiasi. Rangi imepauka, nikasema. Kanzu imegeuka manjano. Na huyu mwanamke, mbona jicho lake la kushoto ni dogo kuliko la kulia, limelegea, na mdomo umevutwa upande huohuo? Nikacheka peke yangu. Wazee hawa, nikasema, walikuwa hawajui kupima uso. Nikachukua msasa.

Usinitazame hivyo. Na wewe ungeuchukua.

Nikasugua upande wote wa kushoto wa uso ule mpaka ubao mtupu ukaonekana. Kisha nikapaka rangi mpya ya mafuta juu ya uso mzima, nikampa macho mawili makubwa yanayolingana, mdomo mwekundu, na kanzu nikaifanya nyeupe pe. Majirani wakaja wakashangilia, "Felista, kama jipya!" Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama mwenyewe ameliona, wala mimi sikujiuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Siku ya tatu nikapata lifti ya lori la Fuso. Dereva aliniapia kwamba anakwenda Kisarawe moja kwa moja, halafu akaniambia tupitie kwanza Mlandizi, kuna magunia yake ya mahindi. Tulizunguka mchana kutwa, mimi nimelikumbatia bango lisigongwe na magunia, nikimlaani kwa kupoteza muda wangu. Kumbe Mungu alikuwa ananiongezea saa chache za kujiona fundi.

Mzee Kondo alikuwa amekaa barazani, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, kama mtu anayengoja mgeni wa heshima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Pole na safari. Nifunulie nimwone."

Nikalitoa kwa madaha shuka nililokuwa nimelifunikia bango. Mzee akatazama. Akasogea, akatazama tena. Zena alitoka ndani akijifuta mikono, akasimama ghafla.

"Huyu ni nani?" mzee akauliza.

"Ni bango lako, baba," Zena alisema.

"Bango nimeliona. Nauliza huyu mwanamke. Mke wangu yuko wapi?"

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Yule mwanamke wa sabuni alikuwa Bi Mwanahawa, mama yake Zena, aliyefariki Zena akiwa bado anabebwa mgongoni. Alizaliwa na jicho lile. Picha zake mbili za kamera ziliisha zamani, mchwa walikula sanduku zima. Pale juu ya mlango wa duka ndipo uso wake ulipobaki, na Zena alikuwa akipita kuutazama tangu utoto. Kwa nini hakuniambia? Nimejiuliza sana. Lakini mtu aliyetumwa kufuta vumbi anaelezwa ya nini?

Nikasema neno la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kusema. "Mzee, nilidhani ulikosea."

Akainuka. 

"Nikosee! Jicho lile nimeamka nalo miaka kumi na moja, nikosee? Wewe umelitazama mara ngapi? Binti, mkono wako ni mwepesi kuliko wangu, nakiri. Adabu ya mkono ndiyo huna. Ulitumwa kuondoa vumbi, ukamwondoa mtu."

 Zena aliingia ndani akafunga mlango taratibu, na utaratibu ule uliniuma kuliko matusi. Nikaanza kukunja shuka langu niondoke.

"Unakwenda wapi?" mzee akafoka. "Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Lete pamba na tapentaini."

Rangi yangu ilikuwa mbichi bado, ya kwake ilikuwa imekauka miaka mingi na kuwa ngumu kama kigae, kwa hiyo tapentaini ingeyeyusha yangu na kuiacha yake. Nikaambiwa nifute kidogokidogo, mfuto mmoja, pamba mpya, nisisugue hata nikisikia hasira. Na hasira nilikuwa nazo! Nililala kwao, mchana kutwa nafuta. Siku ya pili jicho la kulia likatoka chini ya rangi yangu, zima, linatazama. Zena alikuja akalitazama, akarudi ndani, lakini safari hii mlango aliuacha wazi.

Upande wa kushoto ukabaki ubao mtupu. Huo nilikuwa nimeula kwa msasa, na msasa haurudishi. Mkono wa mzee haukuweza kushika brashi, kwa hiyo akaketi nyuma ya bega langu, nikachora kwa maneno yake.

"Si hivyo. Futa."

Nafuta.

"Shavu umelijaza mno, hakuwa amekula harusini. Futa!"

Jicho lile nililifuta mara nyingi hata nikapoteza hesabu. Nilichoka, nilinuna, nililia. Naye alichoka na mimi, alipiga fimbo sakafuni, akaniita kichwa cha nazi. Lakini katika kunigombeza akawa anaeleza: jinsi mkewe alivyonung'unika kusimama na kanzu ile huku mboga inaungua jikoni, na jinsi jicho lilivyojifunga kabisa alipotaka kucheka. Zena alikuwa analeta uji, anakaa kusikiliza, uji unapoa. Maisha yake yote baba yake hakuwahi kumsimulia hayo.

Siku ya tisa mzee alinishika kiwiko. "Hapo. Acha. Usiguse tena."

Zena akakaribia. Akatazama, akawaita wanawe waliokuwa wanacheza uani. "Njooni. Msalimieni bibi yenu."

Wakaja wana wale, mavumbi miguuni, wakasimama mbele ya bango la sabuni, wakasema, "Shikamoo, bibi."

Sikudanganyi kwamba mambo yalirudi kama zamani. Nusu ya uso ule ni kazi ya mzee, nusu ni maneno yake yaliyopitia mkono wangu, na anayejua anaona mpaka ulipo. Mzee alinisamehe. Mimi mpaka leo sijamaliza kujisamehe.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na usinifanye niirudie. Ukiona kombo kwenye kazi ya aliyekutangulia, usikimbilie kuinyoosha. Tafuta mwenyewe, muulize ni ya nini. Ukitumwa vumbi, ondoa vumbi. Na ukishaharibu, maana utaharibu, usikunje shuka ukakimbia. Kaa ugombezwe, ufute, urudie, mpaka aliyeumia akuambie basi.

Nenda sasa. Mungu akupe mkono mwepesi na moyo mzito wa kuuzuia. Akuwekee mtu wa kukuambia "si hivyo" maadamu rangi bado mbichi, na akujalie masikio ya kumsikia. Amina.