Kisanduku cha Kusafishia Bunduki

Kiwanda cha hapa kwetu Panda kiliposimama, mikono yangu haikujua kukaa bure. Nilikuwa fundi wa vyuma miaka mingi. Basi nikaanza kukusanya vyombo ambavyo askari wa zamani walisafishia bunduki: vichupa vya mafuta, burashi, fimbo za chuma, kamba za kuvutia kitambaa ndani ya mtutu. Bunduki zenyewe sikuzitaka. Mji mzima ulikuwa unauza vitu vyake, hata milango. Mimi nilitoa unga wa mahindi, nikapeleka vyombo nyumbani kuving'arisha.

Mjane wa askari, tuliyesali naye kanisa moja, alinipa kisanduku cha bati cha mumewe. Unga aliukataa.

"Beba, papa. Lakini siku ya yenga usikifunge. Bwana yangu anasafishaka bunduki yake ile siku."

Yenga kwetu ni Jumapili. Nilitabasamu tu. Mumewe alikuwa marehemu zaidi ya miaka ishirini, na bunduki ilirudishwa kambini wiki ile ile ya mazishi.

Nilifua vitambaa, nikakausha kichupa juani, nikafunga kisanduku kwa waya. Jumapili tuliporudi kutoka kanisani, waya ulikuwa vilevile. Ndani, kitambaa kilikuwa cheusi, kimelowa mafuta, kinanuka baruti.

"Weye njo uliweka mafuta?" nikamuuliza mke wangu.

"Miye? Hatuna hata ya kupikia!"

Jumapili iliyofuata nilibaki nyumbani peke yangu, kisanduku mezani mbele yangu. Jua lilikuwa utosini. Nikasikia kamba ikivutwa ndani ya chuma, polepole, ikakoma, ikavutwa tena. Sikukimbia. Kilichonitia baridi ni kwamba kazi ilifanywa vizuri, bila haraka. Ulikuwa mkono wa fundi.

Alasiri hiyo nilikirudisha. Mama yule alikipokea bila kushangaa, akakiweka dirishani, akafungua kifuniko.

"Alikusumbua?"

"Hapana, mama. Alikuwa anafanya kazi yake."

"Yeye iko na kazi," akasema. "Siye tuko wazima, hatuna."

Tangu hapo sikukusanya tena. Vichupa nilimpa fundi cherehani wa karibu na soko, akavitumia kutia mashine yake mafuta. Fimbo za chuma mke wangu alizichukua, akawa anachomea samaki.