Swali la Mwisho Kabla ya Kung'oa Jino

Corona ilipofunga chuo, sisi wanafunzi wa meno tuliambiwa tutasomea kwenye simu. Mpaka leo namtafuta aliyeona kwamba jino linaweza kung'olewa kwa simu. Nilijifunza kuchoma sindano ya ganzi kwenye chungwa, na kwa kuwa chungwa halikulalamika, nikajiona hodari.

Kisha ukaja mtihani: kila mmoja amhoji mgonjwa mbele ya kamera, maswali yote ya kabla ya kung'oa jino. Ukiruka moja umefeli, na ukifeli unarudia mwaka mzima. Wageni walikuwa wamekatazwa, na pale kwetu Makomeno mwenye jino bovu alikuwa Papa, baba yangu, peke yake, mstaafu wa reli, mtu anayekohoa kwa heshima. Akavaa koti la Jumapili. Tukakaa uani karibu na choo, ndiko mtandao ulikoshika, Mama akatushikia simu.

Tulianza vizuri. Sukari? Hakuna. Presha? Kidogo. Nilipouliza kama damu yake hukawia kukauka akijikata, Papa alisimulia ajali za reli moja baada ya nyingine, mpaka profesa akamshukuru mara mbili.

Swali lililobaki nililijua: mgonjwa amekuwa na wanawake wangapi, ili tujue hatari ya magonjwa yanayoambukizwa kwa damu. Kwetu binti hamuulizi baba yake hata suruali yake iko wapi. Na Mama yuko palepale, Mama ambaye hajawahi kuisahau miaka ambayo Papa alifanya kazi Mokambo, akiishi peke yake mbali nasi. Niliichukia corona, nikamchukia profesa, nikamchukia hata Papa kwa kutopiga mswaki.

Nikaliuliza kwa Kifaransa, kwa kunong'ona, nikitazama viatu vyangu.

"Mademoiselle, mugonjwa hakusikia," profesa akasema. "Uliza mu Swahili. Ukiiacha hii question, tutaonana mwaka kesho."

Niliuona mwaka wangu unakwenda na maji.

"Nilisikia, Professeur," Papa akasema, akivuta koti lake. "Uyu mutoto iko na haya. Andika: mumoja. Ni ule anashika téléphone."

Picha ikayumba. Profesa alionyeshwa mawingu, ukuta, kisha mlango wa choo kwa muda mrefu. Akasema inatosha, nimepita.

Nilirukaruka uani kama mtoto. Papa aliingia ndani kuvua koti, akishika shavu, maana jino lilikuwa bado linauma na hakuna aliyelikumbuka. Nilipogeuka, Mama alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kitenge, simu bado mkononi.

"Ata kama alidanganya," akaniambia, "alisema mbele ya profesa."