Nilichomtafsiria Yvrose

Dada yangu aliyebaki Gonaïves, kwetu Haiti, hakosi kuniuliza kwenye simu: huku Chile kunalipa? Namjibu inategemea mdomo wa mtu. Kisha namkumbuka Yvrose, nabadilisha mazungumzo.

Kwetu, Yvrose Dorsainvil ndiye aliyeshona magauni ya Komunyo ya Kwanza. Futi hakuwa nayo. Alikupima kwa uzi, fundo kifuani, fundo kiunoni, na gauni likija limekukaa kama umezaliwa nalo. Ndiye aliyempakata binti yangu Nephtalie siku ya ubatizo, na kwa Wahaiti mama wa ubatizo wa mwanao ni komè wako. Komè unaweza kumnunia. Kumdanganya, hapana.

Tulipofika Santiago yeye alikuwa fundi, mimi sikuwa kitu. Shule niliishia darasa la tano. Ila utotoni niliuza mitumba na shangazi ng'ambo ya mpaka, kwa Wadominikana, na Kihispania nilikiokota huko kama kuku anavyookota punje. Wiki ya pili tu nikapata kazi ya kupokea oda mgahawani. Yvrose naye alizunguka kwa mafundi, na kila alichoulizwa alijibu sí, yaani ndiyo, kwa sababu kwetu kumwambia mkubwa hapana ni kukosa adabu. Cherehani hii unaijua? Sí. Makaratasi unayo? Sí. Ulishawahi kufukuzwa kazi? Sí, na tabasamu juu.

Basi akakaa nyumbani kunilelea mtoto.

"Komè, mdomo wako umeajiriwa," alikuwa akinitania huku akikoroga uji. "Mikono yangu imebaki ya kufutia watu makamasi."

Mwezi wa sita, baridi imekaza, nikasikia kwamba Bi Hilda, mshonaji wa sare za shule, anatafuta fundi. Nikampeleka Yvrose. Bi Hilda akampa kitambaa ashone kola. Alipomaliza, yule mama aliigeuza kola ndani nje, nje ndani, akavua miwani.

"Nani kamfundisha huyu? Mwambie Jumatatu saa mbili aanze. Lugha itakuja, cherehani haiongei Kihispania."

"Anasemaje?" Yvrose akaniuliza.

Nephtalie alikuwa mgongoni kwangu, miezi saba. Kituo cha watoto hakikuwa na nafasi mpaka Machi. Akianza kazi yeye, mimi naacha yangu. Nikasema, "Kola ameipenda. Atatupigia."

Yvrose akamgeukia Bi Hilda, akainama kidogo, akamshukuru. "Sí, gracias." Bi Hilda akadhani amekubali kazi.

Nilijiambia ni wiki mbili tu, nitapata mtu wa kukaa na mtoto. Sikumtafuta. Yvrose aliiweka simu karibu na jiko, kwenye chaji, isije ikazima. Ikilia nikiwa nyumbani ananikimbizia, mikono imejaa unga: "Pokea, pokea, labda ni yule mama!" Nami napokea namba isiyo yake. Jioni nakuta mtoto kaogeshwa, kapakwa mafuta, wali wa maharage umefunikwa. Nilikula wali ule kama mtu anayemeza mchanga.

Wiki ya tatu nikamkuta anashona mfuko wa siri ndani ya sketi yake.

"Kuna watu wa kanisani wanaondoka Jumamosi kwenda Meksiko," akasema. "Naenda nao."

"Kwa miguu? Ule msitu wa njiani unaua watu, komè!"

"Na hapa je? Hapa nimekufa nimesimama. Nchi nzima haitaki hata pindo langu."

Nikakaa sakafuni. Nikamwambia yote, hadi saa mbili, hadi Jumatatu. Hakupiga kelele. Alikata uzi kwa meno.

"Rudia."

Nikarudia.

"Vaa koti. Twende."

Kwa Bi Hilda, kwenye cherehani, alikuwa ameketi mwanamke wa Peru. Bi Hilda alipotuona alikunja uso. "Nilimngoja mpaka Jumatano. Nikasema hawa watu kazi hawaitaki."

"Anasemaje?" Yvrose akauliza. "Yote, usipunguze."

Nikatafsiri yote.

"Sasa mwambie kwa nini sikuja."

Kihispania kile nilichokuwa nikijivunia kilinikauka. Nilikitoa neno moja moja, mbele ya mafundi waliosimamisha mashine. Bi Hilda alimtazama mtoto mgongoni kwangu, akanitazama mimi. Akaburuta gunia la sketi zisizo na pindo, akalisukuma mbele ya Yvrose, akamwonyesha vidole: arobaini, Ijumaa. Alisema polepole. Yvrose alitazama midomo yake, si yangu.

Wale wa kanisani waliondoka bila yeye. Lakini kiti kwa Bi Hilda alikuja kukipata baada ya miaka miwili ya kushona mapindo nyumbani, miaka niliyomnyang'anya mimi. Nami mgahawani, wakati ule, nilishakuwa msimamizi.

Ijumaa ile ya kwanza alijitwisha gunia kichwani. Nikachukua koti.

"Baki na mwanao," akasema.

Nilisimama mlangoni. Alishuka ngazi akijifunza kuhesabu kwa Kihispania, ngazi moja namba moja, kwa sauti. Alipofika kumi na nne alikosea, akarudi kwenye moja. Akakosea palepale tena. Namba niliijua. Sikuthubutu kuita.